Maswali ya Walimu: Kusoma Ukiwa Kazini

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kisiwa cha Pate. Niliajiriwa nikiwa na cheti cha P1 cha ualimu wa shule za msingi, na tangu siku hiyo sijawahi kuitwa mbele ya kamati yoyote ya nidhamu. Sasa twaambiwa kwamba mwalimu hana budi kusoma mpaka astaafu, tena ajilipie ada mwenyewe, la sivyo cheti chake cha kufundishia hakitaongezwa muda. Sheria yasema nini hasa, na je, ni haki mtu aliyekwisha kufuzu arudi kusoma kwa fedha zake? – Mwalimu, Faza

JIBU: Mwalimu, umeuliza mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, na naamini sehemu kubwa ya hasira iliyomo katika vyumba vya walimu inatokana na mchanganyiko huo. Upo wajibu wa mwalimu kuendelea kujifunza, na upo mpango fulani uliobuniwa ili wajibu huo utekelezwe. Wajibu umo katika sheria. Hapa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 kinaipa Tume uwezo wa kumtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ashiriki programu za kujiendeleza kitaaluma na awe na cheti cha kufundishia kwa mujibu wa kanuni, na kinairuhusu kumchukulia hatua yule asiyetimiza hayo. Mpango ni jambo jingine. Huo ulizinduliwa na Tume mwezi Septemba 2021, ukiwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, na mafunzo yake yalikabidhiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na KEMI, taasisi ya mafunzo ya usimamizi wa elimu. Atakayezisoma moduli zote sita, basi, atakuwa amesoma kwa miaka 30 na kulipa shilingi 180,000, kabla ya kuhesabu bando za intaneti na nauli.

Maoni yangu ni kwamba wajibu huo ni wa haki kabisa, lakini kumtwisha mwalimu gharama zake si haki. Wapo wanaojibu kwamba wakili naye hutakiwa kujiendeleza kila mwaka kabla ya kupewa leseni, na hujilipia. Ni kweli, ila wakili anaweza kuiingiza gharama hiyo katika ada anazowatoza wateja wake, na mwalimu wa shule ya umma hana mteja wa kumwongezea ada. Isitoshe, aliyeibadilisha kazi ya mwalimu ni serikali yenyewe. Wewe ulifunzwa kufundisha katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Mwezi Januari 2019 mtaala wa umilisi ukaanza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini, ukiwa na njia mpya ya kupima watoto na majukumu mapya kwa mwalimu, na mwezi Januari 2023 sekondari msingi ikaanza katika viwanja vya shule za msingi. Mwajiri akibadilisha kazi aliyokuajiria, ni juu yake kukuandaa kwa kazi hiyo mpya, na gharama za maandalizi hayo ni zake.

Kuhusu visiwani, nasema kwa msisitizo zaidi. Mwalimu wa Faza akiitwa semina Lamu mjini, safari yake hutegemea maji yajae ndipo boti ipite katika mkondo wa Mkanda, na msimu wa kusi bahari huchafuka hata manahodha wazoefu wakaahirisha safari. Mafunzo ya mtandaoni nayo yanamtaka awe na kompyuta, umeme usiokatika na mtandao wa kuaminika, vitu ambavyo havipatikani kwa usawa kati ya Nairobi na Kiwayu. Mkufunzi mmoja akivuka bahari wakati wa likizo na kukaa Faza kwa wiki nzima, huku walimu wa Kizingitini, Mbwajumwali, Tchundwa na Siyu wakimfuata hapo, itakuwa nafuu kuliko kuwavusha walimu wote hao. Hili ni ombi ambalo walimu wa Lamu Mashariki wanapaswa kulipeleka kwa maandishi, kwa pamoja, kupitia vyama vyao na ofisi ya Tume ya kaunti.

Hata hivyo, mwalimu wangu, usiuache wajibu kwa sababu ya kuikataa ada. Weka daftari la kila mafunzo unayohudhuria, pamoja na yale ya zoni na ya shuleni kwako, na utunze vyeti na barua zake. Usilipe fedha yoyote kabla ya kuthibitisha katika ofisi ya Tume kwamba anayekutoza ametambuliwa na kwamba kozi hiyo itahesabiwa. Na kwa kuwa vyuo vya walimu vilianza kutoa stashahada badala ya P1 mwaka 2021, fikiria ni kipi kitakachokufaa zaidi ikiwa huna uwezo wa kulipia yote mawili. Kwa mtu aliyebakisha miaka mingi ya utumishi, mimi ningetanguliza stashahada.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa kike katika shule moja ya Lamu mjini. Kila muhula twajaza TPAD, tathmini ya Tume ya utendaji wa walimu: mwalimu hujipa alama, msimamizi wake huingia darasani kutazama somo, na mwishowe wote hupata alama za juu zinazokaribiana. Sijaona darasa hata moja lililobadilika kwa sababu ya fomu hizo. Nifanyeje ili utazamaji wa masomo uwafae walimu wangu? – Mwalimu Mkuu, Lamu

JIBU: Bi Mwalimu Mkuu, nakushukuru kwa kusema wazi jambo ambalo wengi hulinong'ona. Mfumo huo ulipoanza mwaka 2016 ulikusudiwa kutimiza mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani kumpima mwalimu na kumkuza. Shida ni kwamba mwalimu anayejua kuwa alama zake zitaingia katika faili lake hawezi kumwita msimamizi aje kutazama somo linalomshinda. Atamwita katika somo analolimudu, akiwa na andalio safi na watoto waliokwisha kuelezwa cha kujibu. Msimamizi naye ataandika alama nzuri, kwa kuwa kesho wataendelea kuketi pamoja katika chumba kimoja. Simlaumu yeyote kati yao. Watu huficha kidonda mbele ya anayewapima kwa ajili ya kuwaajiri, wakamwonyesha daktari.

Ushauri wangu ni uendelee kujaza fomu kama kanuni zinavyotaka, kwa ukweli, lakini uanzishe kando yake utazamaji usio na alama hata moja. Mwombe mwalimu achague mwenyewe somo linalomtatiza na aseme mapema angependa kutazamiwa kitu gani. Mtazamaji aketi kando ya watoto, si nyuma ya darasa, na aandike wanachokifanya na wanachokisema, maana mwenendo wa mwalimu wao tayari mnaujua. Mazungumzo yafanyike siku hiyo hiyo kabla ya kwenda nyumbani, na karatasi ya mtazamaji akabidhiwe mwenye somo, isipelekwe ofisini kwako.

Nikupe mfano wa hesabu, kwa sababu huko ndiko darasa linaloitikia vizuri huweza kumdanganya mwalimu. Mwalimu anafundisha kujumlisha sehemu, nusu na theluthi. Anaeleza ubaoni, anauliza kama wameelewa, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja kwamba limeelewa. Mtazamaji aliyeketi kando ya dawati la tatu anaona kitu kingine: mtoto amejumlisha tarakimu za juu peke yake na za chini peke yake, akapata mbili juu ya tano, na jirani yake amenakili jibu hilo. Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo, na hakuna aliyeshtuka. Huo ndio ugunduzi ambao mwalimu aliyesimama ubaoni, mbele ya watoto wengi, hawezi kuufikia peke yake. Kosa hilo pia linatoa njia ya kulitibu: watoto wakate vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, wakunje kimoja kiwe na sehemu mbili sawa na kingine sehemu tatu sawa, waunganishe nusu na theluthi kisha wazilinganishe na kipande kizima, na waulizwe kama jumla inaweza kuwa ndogo kuliko nusu. Baada ya hapo ndipo warudi kwenye tarakimu. Walimu wawili au watatu wakiliandaa somo hilo pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakatazama, kisha wakalirekebisha na kulifundisha tena katika mkondo mwingine, watakuwa wamejifunza jambo watakalolitumia juma hilo hilo.

Njia hii si ngeni katika nchi yetu. Wajapani wameizoea tangu zamani, na mradi wa SMASSE, ulioanza Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, uliwafunza walimu wa hisabati na sayansi kupanga somo, kulitekeleza, kulitazama na kuliboresha, tena kwa vifaa vinavyopatikana walipo. Kazi hiyo ikaendelezwa na CEMASTEA, kituo cha kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi kilichoko Karen, Nairobi. Katika mradi wa kusoma uitwao Tusome nao, uliopelekwa katika shule za msingi za umma kote nchini kuanzia mwaka 2015, maafisa wa zoni waliingia madarasani na tableti, wakawasikiliza watoto wakisoma, kisha wakaketi na mwalimu kujadili walichokisikia. Kila penye mafanikio ya namna hiyo utakuta mtu aliyeingia darasani, akakaa, akarudi tena. Semina ya siku mbili hotelini, hata iwe na mkufunzi hodari kiasi gani, haina uwezo huo, na ninasikitika kila nikiona fedha za mafunzo zikiishia kwenye kumbi na posho.

Utaniuliza muda utatoka wapi. Anza na walimu wanne tu, somo moja kwa kila mwezi, na wewe binafsi uingie kuchukua kipindi cha mwalimu anayekwenda kutazama. Ningependa pia uwe wa kwanza kufundisha huku wengine wakikutazama. Walimu wakiona mwalimu mkuu amekubali kuandikiwa kwamba nusu ya darasa lake haikufuata, wataamini kwamba karatasi ile kweli haina alama.

SWALI: Darasa la mwanangu limekabidhiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, ambaye bodi ya shule inamlipa. Je, yaruhusiwa? – Mzazi, Mpeketoni

JIBU: Hairuhusiwi, mzazi wetu. Sheria ile ile ya mwaka 2012 inamkataza mtu yeyote kufanya kazi ya ualimu bila kusajiliwa na Tume, na bodi ya shule haina mamlaka ya kumwondolea mtu sharti hilo, hata kama upungufu wa walimu ni mkubwa kama ulivyo huko kwenu. Mwendee mwalimu mkuu kwa heshima umwulize kama mwalimu huyo ana namba ya usajili. Ni swali halali la mzazi. Kijana mwenyewe msimdhalilishe. Akiwa na kipaji, bodi imhimize aende chuo cha ualimu.

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Langoni, Lamu mjini, nasomesha watoto Qur'ani jioni. Haya mambo ya viwango na mafunzo yanatuhusu sisi? – Mwalimu wa chuo

JIBU: Wa alaykum salaam, Ustadhi. Masharti ya vyeti na tathmini za Tume yamewekwa kwa ajili ya walimu wa shule. Lakini Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama, pasipo kutofautisha alipo, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inafuata msingi huo huo. Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko. Mtoto anayetoka huko mchana akaja kwako jioni ni yule yule mmoja, na mwili wake ni ule ule. Naomba bakora iondoke chuoni, na nasema hivi nikiwa na mapenzi makubwa kwa vyuo vyetu.

Ama mafunzo, yanakuhusu sana, na mji wako una desturi yake. Tangu zama za Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi, msikiti wa Riyadha umelea walimu kwa kuwakalisha mbele ya masheikh wao. Katika miaka ya 1980 Wakfu wa Aga Khan ulianzisha mjini Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, ambapo wanawake wa mitaa yenyewe walifunzwa ualimu wa watoto wadogo, wakatembelewa madarasani na wakufunzi, wakafundishwa kutengeneza vifaa kwa vifuu, mbegu na mbao. Ukipenda kuanza, mwendee mwalimu mmoja wa madrasa ya watoto wadogo hapo mtaani, umwombe ruhusa ya kukaa asubuhi moja darasani mwake, utazame jinsi anavyowatuliza watoto arubaini bila kuinua mkono, kisha umwalike naye jioni aje akusikilize ukisomesha.