Walidhani Nimerefusha Sijida

Juzi usiku kijana mmoja wa chuo ameniandikia. Ana miezi minne anaamka saa nane usiku kila siku kuswali, Jumatatu na Alhamisi anafunga, na uradi wake wa kumtaja Mola haupungui mara elfu. Mwishoni akaongeza, kama mtu anayeomba radhi, kwamba amepata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, na kwamba mama yake akipiga simu hapokei kwa kuwa maneno ya dunia yanamtoa kwenye dhikri. Anauliza aongeze nini.

Mdogo wangu, usiongeze kitu. Kaa nikuhadithie.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na wanaovaa kanzu zangu wananijua. Miaka saba iliyopita Ramadhani ilinikuta nimetoka kumzika baba mwezi wa Rajabu. Tangu siku ile nikawa naona kila kisichokuwa swala ni kupoteza umri: kula, kulala, kazi, hata watoto. Nia yangu ilikuwa safi, nalisema hilo bila kusita. Daku nikawa sili, nipate rakaa nne zaidi kabla ya adhana. Futari yangu tende tatu na maji. Mke wangu ameshinda jikoni na mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, mimi nishavaa viatu. Nina vidonda vya tumbo tangu ujana, na daktari alishanikanya kukaa na njaa. Nikamwona daktari hana imani.

Msikitini wazee wakaanza kunipisha safu ya mbele. Mmoja akaniita walii, mja wa karibu na Mola. Sifa ile iliniingia, nikaipenda, na hapo ndipo ibada yangu ilipoharibika, mwili ukafuata baadaye.

Kumi la mwisho la Ramadhani nikaingia itikafu, kukaa msikitini kwa ibada tu. Dukani nimeacha kanzu 14 za Idi, zimekatwa na kufungwa kwa majina, mikononi mwa kijana wangu ambaye hajawahi kushona shingo ya kanzu. Usiku wa 27 nilikuwa naswali peke yangu karibu na nguzo. Nikaenda sijida, na sikuinuka. Nakumbuka harufu ya zulia, na masikio yanalia. Waliokuwa pembeni walidhani nimerefusha sijida kwa unyenyekevu. Mzee muadhini alipita mara mbili akaniacha na Mola wangu. Mara ya tatu akaona mguu wangu mmoja umelala upande, vidole havijakanyaga chini. Hapo akajua. Sijida ina viungo saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na vidole vya miguu yote miwili. Walii aliyesujudu hasahau vidole.

Kidonda kilikuwa kinatoa damu ndani. Nililazwa siku sita, Idi ikanikuta kitandani. Kanzu tisa hazikuisha. Mteja mmoja alikwenda nyumbani asubuhi ya Idi, akamtolea mke wangu maneno mlangoni mbele ya watoto, naye hakuwa na la kumjibu. Na wale wa safu ya mbele hakufika hata mmoja kunijulia hali. Hilo bado linaniuma, sitadanganya.

Aliyekuja ni yule muadhini, na chupa ya uji. Akanisimulia habari ya Salman, sahaba wa Mtume, alipomzuru sahaba mwenzake na ndugu yake Abu Dardai, akamkuta mke wa Abu Dardai amejiachia, hana pambo. Alipomuuliza, akasema: ndugu yako hana haja na dunia. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa amefunga, ale naye. Usiku, kila Abu Dardai alipotaka kusimama kuswali, akamwambia lala. Usiku ulipokaribia kwisha akamwambia sasa amka, wakaswali wote. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na ahali zako wana haki kwako, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipopelekewa habari ile akasema Salman amesema kweli.

Nilikunywa ule uji huku nalia.

Tuitazame ibada yenyewe, ndugu zangu. Saa zake ni za jua na kivuli. Udhu ni maji ya baridi kwenye viwiko. Fardhi za kutwa ni rakaa 17, sijida 34, na hakuna hata moja utakayoisujudu kwa mawazo matupu. Mola hakutuambia tuuache mwili mlangoni pamoja na viatu. Bibi Fatuma, binti wa Mtume, mikono ilimuuma kwa kusaga nafaka, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Alichopewa ni tasbihi ya kusoma akipanda kitandani: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Uradi ule tunaousoma leo ulipewa mikono iliyochoka kwa kazi za nyumba.

Siku hizi uradi wangu nausoma nikiwa na cherehani ya miguu, pedali inakwenda na ulimi unakwenda. Nikifika shingoni mwa kanzu nanyamaza, kwa sababu shingo inataka macho, na aliyelipa ana haki ya shingo iliyonyooka. Daku nakula na mke wangu. Mwaka huu nimefunga siku ambazo daktari ameniruhusu, na usiku wa 27 nimeswali kidogo, nimelala, nikaamka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, leo lala mpaka alfajiri. Kesho nenda kwa mwalimu wako ukaulizie hizo sapu. Kisha mpigie mama yako, na akikuuliza umekula nini, mtajie chakula chenyewe, usimwambie umeshiba.