Nilivyobaki peke yangu kwenye savaiva ya kazini, na unachoweza kufanya msimu ujao

Marahaba, mdogo wangu wa Columbus. Ujumbe wako nimeupata: "Kaka, nasikia hela yote ya savaiva kazini kwenu umebeba wewe. Siri ni nini?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe tu uliyeniuliza, na kwa sababu yapo maneno yaliyosemwa juu ya ushindi ule ambayo bado yananikaa rohoni.

Kwa ambao hawajauzoea mpira wa hawa Wamarekani: ligi ya NFL ina timu 32 na msimu wa kawaida ni wiki 18. Kwenye savaiva kila mtu anatoa kiingilio, kwetu dola 25, halafu kila wiki anataja timu moja tu anayoamini itashinda. Ikishinda, anaendelea. Ikifungwa, ametoka, na hakuna kurudi. Timu ukishaitumia mara moja huwezi kuigusa tena hadi msimu uishe. Hakuna mkeka wa mechi kumi, hakuna kutabiri matokeo kamili. Anayebaki wa mwisho anachukua kitita.

Watu wanaona ni kazi nyepesi. Sasa piga hesabu. Chukua timu yenye nafasi 80 kwa 100 ya kushinda, ile ambayo kwenye kubeti kwa kule nyumbani ungeikuta na odi ya 1.25 hivi. Hata ukiipata timu ya namna hiyo kila wiki, uwezekano wako wa kufika salama wiki ya 18 haufiki 2 kwa 100. Kwa hiyo kila mtu atakufa, isipokuwa mmoja au wawili. Unachotakiwa kukiangalia ni siku ambayo wengine watakufa wengi kwa mpigo: utakuwa umesimama upande gani?

Hapo ndipo penye mchezo wenyewe. Watu wanapenda kuchagua timu iliyochaguliwa na wenzao wote, kwa sababu ikifungwa hakuna wa kumcheka mwenzake. Kifo cha wengi harusi. Mimi harusi hiyo siendi.

Mwaka 2018 Buffalo Bills walikuja hapa Minneapolis, na wapanga odi walitegemea Vikings wetu washinde kwa tofauti ya zaidi ya pointi 16. Bills wakashinda 27–6. Tangu siku ile nikaanza kufuatilia ni akina nani wanatoka na kwa timu gani, na msimu wa 2025 nikaingia na utaratibu wangu kamili.

Wiki ya 2 wengi kazini walikwenda na Rams dhidi ya Titans. Rams wakashinda 33–19, watu wakafurahi. Mimi nilikwenda na Ravens nyumbani kwao dhidi ya Browns, 41–17, nikawa nimebaki na Rams mfukoni. Kumbuka hilo, maana litarudi.

Wiki ya 3 Packers walikwenda kucheza na Browns. Packers walikuwa wameshinda mechi mbili za kwanza, Browns wamefungwa zote mbili. Pale ghalani tunabandika karatasi ya majina kwenye mlango wa friji la chumba cha mapumziko, na kalamu nyekundu imefungwa hapo kwa uzi. Safu ya wiki ile ilikuwa Packers, Packers, Packers, kuanzia juu hadi chini. Mimi niliandika Seahawks, waliokuwa wanawapokea Saints. Jamaa mmoja akanigonga bega, akaniambia leo unatuaga. Seahawks walishinda 44–13. Kule Cleveland Packers waliongoza 10–0 hadi robo ya mwisho, Browns wakasawazisha, teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, ambalo lingewapa Packers ushindi, likazuiwa, na muda ukiisha Browns wakapiga lao la yadi 55. Mechi ikaisha 13–10. Jumatatu niliingia kazini nikakuta kalamu imepita karibu safu nzima.

Na si hao tu. Wiki iliyofuata Packers hao hao walitoka sare 40–40 na Cowboys. Kwetu sare ni sawa na kufungwa. Kabla hujatoa senti yako, uliza sheria hiyo, kisha uliza pia nini kinatokea wote waliobaki wakitoka wiki moja. Sehemu nyingi wanagawana.

Wiki ya 5 waliosalia wakakimbilia Cardinals, nyumbani, dhidi ya Titans ambao hawakuwa na ushindi hata mmoja. Cardinals walikuwa mbele 21–6 mchezaji wao alipokimbia na mpira hadi karibu na mstari wa kufungia, akauachia kabla hajauvuka. Alama hazikuhesabiwa. Titans wakashinda 22–21 kwa teke la mwisho. Mimi nilikuwa na Colts: 40–6.

Sasa nikupe hesabu inayonifanya nishikilie msimamo huu. Tuseme mmebaki 20, ni wiki ya mwisho, na kapu lina dola 1,000. Wenzako 19 wote wako na timu yenye nafasi 80 kwa 100. Ukijiunga nao, upate usipate, fungu lako ni dola 50 tu, maana mkishinda mnagawana na mkitoka wote mnagawana. Ukienda peke yako na timu yenye nafasi 75 kwa 100, ni kweli umejiongezea hatari kidogo. Lakini mara 15 kwa 100 yao itafungwa na yako itashinda, na hapo dola 1,000 zote ni zako. Ukijumlisha yote, fungu lako kwa wastani linapita dola 180. Kwa hiyo usifuate kundi, ila pia usiokote timu mbovu kwa ajili ya kuwa tofauti tu. Tafuta ile inayokaribia kuwa bora ya wiki, ambayo wenzako hawaitazami.

Wiki za katikati sitazisimulia. Tukabaki watatu: mimi, msimamizi wa zamu ya usiku, na mama mmoja mzaliwa wa Wisconsin, shabiki wa Packers wa damu. Walitaka tugawane. Nikakataa, kwa sababu nilikuwa nimeona ratiba ya wiki ya 9. Wao wawili Rams walishawatumia wiki ya 2, na timu nzito waliyobaki nayo ilikuwa Packers, nyumbani, dhidi ya Panthers. Mimi nikawatoa Rams wangu mfukoni. Rams 34, Saints 10. Packers walitegemewa kushinda kwa tofauti ya zaidi ya pointi kumi, na bado wakapigwa 16–13 kwa teke la sekunde za mwisho.

Halafu ndiyo yakaanza maneno. Bahati ya mgeni. Huyu hata sheria za mchezo hazijui. Aliyeyasema alitoka wiki ya 3 kwa kunakili jina la aliyemtangulia kwenye karatasi. Mimi nilikaa na ratiba, nikasoma taarifa za majeruhi, nikajua nani amebakiwa na timu gani, halafu kazi yangu ikaitwa bahati kwa sababu ya lafudhi yangu. Hilo limeniuma, sifichi. Ndugu zangu mlioko huku, msikubali mtu awaambie kuwa akili yenu ni bahati. Jifunzeni mambo ya watu hawa hadi mwajue kuliko wao, na msiige kwa kuogopa kuonekana mko peke yenu.

Na usiweke timu nzuri akiba kupita kiasi. Ravens niliowatumia wiki ya 2, kufika wiki ya 5 nyota wao, Lamar Jackson, alikuwa majeruhi na wakafungwa 44–10 nyumbani kwao. Aliyewatunza alitunza kitu kilichokwisha. Mechi za Alhamisi ziepuke ukiweza, maana unachagua kabla hujajua majeruhi wa Jumapili, siku ya mechi nyingi. Orodha ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla ya mechi, basi kama kundi lenu linaruhusu, subiri. Wiki ya 18 timu zilizokwisha kujihakikishia nafasi ya hatua ya mtoano hupumzisha nyota wao, kwa hiyo chagua inayohitaji ushindi. Ila zaidi ya yote, kila wiki jiulize wenzako wanaenda wapi, uende kwingine.

Umeuliza pia kama ununue nafasi mbili, yaani ulipe viingilio viwili na uchague timu mara mbili kila wiki. Kama mnaruhusiwa na hela hiyo si ya kodi ya nyumba, nunua, lakini usiziweke zote kwenye timu moja hata wiki moja. Ratiba hutoka mwezi Mei. Ikitoka, nitumie orodha ya timu unazofikiria kwa wiki nne za kwanza, tuipitie pamoja.