Kumaliza Akiba ya Nyuzi kwa Mwaka Mmoja: Ushauri wa Mfumaji wa Moshi

Mtu anayefuma kwa muda mrefu hapa Moshi hujikuta na nyuzi nyingi bila ya kukusudia. Huwa na mabaki ya koni za bluu na maruni kutoka kwa mafundi wa masweta ya shule, madonge aliyoletewa zawadi na ndugu walio ng'ambo, na masweta ya mitumba kutoka masoko ya Kiboriloni na Memorial, ambayo hakuyanunua kwa kuvaa bali kwa kufumua. Mwaka jana niliamua kufuma kutokana na akiba yangu tu, kuanzia Januari hadi Desemba, na kazi hiyo ilinifundisha jambo moja ambalo ningependa kila mfumaji alijaribu: uanze na uzi, usianze na muundo. Anayependa muundo kwanza hulazimika kutafuta uzi unaoufaa, na uzi huo mara nyingi haumo kabatini. Anayeuangalia uzi kwanza, akajua ni wa aina gani, una uzito gani na utamfaa nani, hupata kazi ya kufanya kabla hajafikiria kwenda dukani.

Kwa hiyo chombo cha kwanza ni mizani. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Uzi wa unene wa kati, ule unaofumwa kwa sindano za milimita 4, kwa kawaida huwa na mita 200 hadi 240 katika gramu 100, na lebo yake huitaja idadi hiyo. Ukiwa na donge la uzi wa mita 220 kwa gramu 100, na mizani ikaonyesha kwamba zimebaki gramu 35, basi unazo mita 77, na unaweza kuamua kwa hakika badala ya kukisia kwa macho. Kwa uzi wa unene huo, sweta la mwanamke hula takriban gramu 450 hadi 600, sweta la mtoto wa miaka mitano au sita hula gramu 200 hadi 250, kofia ya mtu mzima hula gramu 60 hadi 80, na ya mtoto mchanga haizidi 30. Mimi hupima kila fungu, huandika uzito wake kwenye karatasi, na kuiweka karatasi hiyo ndani ya mfuko pamoja na uzi wenyewe. Siku ya kupima inachosha, lakini sijui njia nyingine ya kuigeuza akiba kuwa mpango.

Uzi usiokuwa na lebo unahitaji kutambuliwa kabla ya kupangiwa kazi, na moto ndio unaosema kweli. Kata kipande kifupi, kishike kwa kibanio juu ya sahani, kisha ukichome. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi uliochanganywa huonyesha dalili za pande zote mbili, na huo mimi huutunza kama sufu wakati wa kufua, kwa kuwa maji ya moto na kusugua hufanya sufu isinyae na kugandamana.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani avae nini. Sufu huendelea kutunza joto hata ikishika unyevu, ilhali pamba ikilowa humpoza aliyeivaa. Kwa mji unaowapandisha wapagazi Mlima Kilimanjaro kila wiki, hadi karibu na kilele cha mita 5,895, hilo ni jambo zito. Kijana anayeanzia lango la Machame kwa kawaida hupita msitu wa mvua siku ya kwanza, na akifika juu akiwa na kofia ya pamba iliyolowa, hiyo haimsaidii kitu. Mpwa wangu ni mpagazi, na kwa sababu yake sufu yangu yote nene niliitenga kwa ajili ya kofia zinazofunika masikio, skafu fupi na glavu. Nawasihi wafumaji wa Moshi na Arusha wasiitumie sufu nzuri kwa mapambo ya sebuleni wakati wapo ndugu zetu wanaolala kambini kwenye baridi kali.

Akriliki nayo niliipeleka kwa watoto, kwa kuwa hufuliwa mara nyingi bila ya kuharibika. Ilitoa masweta ya shule na kofia za watoto wachanga. Watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, hupoteza joto upesi, na hata wanapobebwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama huhitaji kofia na soksi. Ukitaka kupeleka vitu hivyo katika wodi ya wazazi, zungumza kwanza na wauguzi, uwaulize wanahitaji vipimo gani, na ufume kwa uzi laini usiokuwa na manyoya, bila ya kamba wala vishikizo.

Masweta ya mitumba yanastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayoongeza akiba kwa gharama ndogo na ndiyo yanayowakatisha tamaa wengi. Kabla ya kulinunua, ligeuze ndani nje na uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona kwamba kingo zimekatwa kisha zikashonwa kwa overloki, liache, kwa sababu kila mstari utatoka ukiwa kipande kifupi. Ukiona kingo nzima, zilizounganishwa kwa uzi unaofanana na mnyororo, sweta hilo litafumuka kwa uzi mrefu. Fungua kwanza mishono ya kuunganishia, tenganisha mikono, mgongo na kifua, kisha anza kufumua upande wa shingoni, kwa kuwa masweta mengi hufumwa kuanzia chini kwenda juu. Uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne ili usivurugike, uoshe kwa maji ya uvuguvugu, na uuanike kivulini ukiwa umening'inizwa kitu chepesi kwa chini ili mikunjo inyooke. Usifume uzi uliojikunja, kwani vitanzi vyake havitalingana. Uzi wa mashine mara nyingi ni mwembamba sana, nami huunganisha nyuzi mbili au tatu pamoja, hata za rangi tofauti, na mchanganyiko huo hupendeza kuliko rangi moja.

Majira yetu yanasaidia kupanga mwaka. Januari na Februari ni miezi ya joto, na sweta kubwa mapajani ni mateso, kwa hiyo hiyo ni miezi ya pamba na vitu vidogo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo wakati wa masweta makubwa, ili yawe tayari Juni na Julai, mawingu yanapofunika mlima na watu wa Kibosho, Marangu na Rombo, huko juu miteremkoni, wanapotafuta nguo nzito kabla yetu sisi wa mjini. Kuanzia Septemba nilihamia kwenye zawadi, maana Desemba familia nyingi hurudi nyumbani migombani, na hakuna bibi wa huko juu anayekataa shali. Wakati wote nilikuwa na kazi mbili: moja kubwa iliyokaa nyumbani, na moja ndogo ndani ya mkoba kwa ajili ya daladala na foleni.

Upungufu wa uzi usikutishe. Fungu la gramu 320 linatosha mwili wa sweta, na mikono ikawa ya rangi nyingine. Madonge mawili yenye rangi moja lakini namba tofauti za kutiwa rangi, yaani yaliyotiwa rangi kwa awamu tofauti kiwandani, yaunganishwe kwa kufuma mistari miwili ya hili na miwili ya lile, na mpaka kati yao hautaonekana. Ukikaribia mwisho wa donge, tandaza uzi uliobaki juu ya upana wa kazi yako: mstari mmoja wa kawaida huhitaji takriban mara tatu ya upana huo, na kufunga vitanzi, yaani kumalizia ukingo ili usifumuke, huhitaji mara nne.

Wakati wa kupima, kagua pia kama kuna nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo. Viwavi wake hula sufu, si akriliki. Fungu lenye vitundu nililitenga mara moja, nikaliweka ndani ya mfuko uliofungwa kwenye friza kwa siku kadhaa, kisha nikaliosha. Mengine hukaa katika mifuko iliyofungwa vizuri, pamoja na majani makavu ya mwarobaini.

Kuhusu kununua, sikujiwekea marufuku kamili, na simshauri mtu afanye hivyo. Niliruhusu donge linalokamilisha kazi iliyokwisha kuanzwa, kama vile uzi mweupe wa kola au wa mistari, na nililinunua nikiwa nimebeba kazi yenyewe hadi dukani ili nioanishe unene na rangi mchana, nje, kwenye mwanga wa jua. Donge lisilokuwa na kazi inayolingoja nililiacha dukani, na vipande vifupi visivyofikia gramu 10 nilivijaza kwenye mito ya watoto.