Kompyuta ya gari imekufa, naweza kuifunga mpya mwenyewe?

Salaam aleikum fundi. Vitz yangu ilizima ghafla pale Buxton tukaisukuma kando, fundi wa mtaani kaangalia dakika tano akasema kompyuta ya injini imekwenda. Nimepata iliyotolewa kwenye gari nyengine, muuzaji ati ni kuchomeka tu. Nataka niifunge nyumbani Jumapili, yawezekana?
Msomaji, Kisauni

Waaleikum salaam kaka. Kuifunga si kazi. Spana namba kumi, unatoa waya hasi ya betri kwanza, Toyota nyingi za zamani utaikuta nyuma ya ile droo ya dashibodi upande wa abiria, unachomoa soketi zake pole pole bila kuvuta waya, basi. Shida iko kwengine.

Dakika tano hazitoshi kusema kompyuta imekufa bwana. Washa swichi bila kupiga stata, taa ya cheki injini inawaka? Kama haiwaki kabisa na skana (kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari) nayo haisomi, yaweza kuwa kompyuta, lakini yaweza pia kuwa moto wa betri haufiki, kwa hivyo angalia fyuzi, rilei na zile waya hasi zinazofungwa kwenye injini na bodi, hapa kwetu na hewa hii ya chumvi zinaoza ndani huku juu zaonekana nzima.

Halafu papasa zulia la abiria. Limelowa? Mombasa AC haipumziki, kibomba cha kutoa maji kikiziba yanamwagika ndani na kompyuta iko karibu hapo hapo. Ifungue, ukiona ukungu wa kijani kwenye pini ujue ni maji (moja niliikuta imejaa sisimizi, wallahi). Usipozibua hicho kibomba hata hiyo mpya itakufa, na kama iliunguzwa na koili ya plagi yenye shoti vile vile, tengeneza koili kwanza.

Sasa huyo muuzaji. Linganisha namba ya kibandiko na ya ile yako ya zamani, kwa Toyota mara nyingi huanza na 89661, nazo zote zifanane mpaka ya mwisho, manake gari za automatiki na za gia mara nyingi zina kompyuta tofauti ijapokuwa umbo ni lile lile. Na kama ufunguo wako una chipu, gari itawaka sekunde moja na kuzima, au isiwake kabisa, kwa sababu kompyuta ile yajua ufunguo wa mwenyewe wa kwanza. Hapo utahitaji fundi wa umeme akuhamishie data kutoka ile ya zamani, kwa hivyo usiitupe. Muulize muuzaji ikikataa atairudisha, akianza kuzunguka zunguka mwachie nayo.