Luku moja au kila chumba yake?
Hongera kaka kwa vyumba vitatu vya Mbagala. Unauliza kama luku moja (mita ya umeme wa kulipia kabla) inatosha kwa wapangaji wote. Inatosha kuwagombanisha wapangaji: mwenye friji na mwenye taa mbili watachangaje sawa? Kama huwezi kuvuta mita tatu TANESCO, funga hata mita ndogo za ndani. Halafu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, na deni hilo ni la mwenye nyumba, kwa hiyo mrudishie mpangaji kwenye pango. Mkataba andika, hata akiwa mdogo wake shemeji (huyo hasa!), na umtambulishe serikali ya mtaa. Ukishapokea pango la miezi sita, tenga kwanza hela ya gari la kunyonya choo.