Usiwapeleke watu pwani kabla hujauliza mwezi wa ngapi

Jumamosi iliyopita nilivuka feri ya Likoni jioni nikiwa na watu 14, wachovu, viatu vimejaa tope jekundu la Kwale, na hakuna aliyenuna. Mama mmoja wa Changamwe aliniambia miaka yote aliyokaa Mombasa hakujua kuwa ng'ambo hii kuna maporomoko ya maji. Nilifika nyumbani nikalala na nguo zangu. Asubuhi nikakuta ujumbe wa msomaji: "Dada, nami nataka kuanza kuwatembeza watu wikendi. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, nimekusoma mara tatu. Najua unachokitaka kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi: kuwatoa watu wa mji huu ndani ya nyumba zao, uwaonyeshe kwao, na upate riziki ya halali humo humo. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze nilivyoaibika, maana kila ninachokijua nilikipata siku ile.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya watu 9. Niliwaahidi matembezi ya ufukweni, kutoka Nyali mpaka Pirates, miguu mitupu, upepo wa bahari, na mwisho tule viazi karai na mihogo ya kukaanga. Ufuo ule nimeuchezea tangu utotoni, nikaona hakuna cha kupima. Nikawaambia tukutane saa nane mchana, jua lianze kupoa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tulipiga picha, tukaimba. Kufika saa tisa mchanga ulikuwa umebaki kama upana wa kitanda. Saa tisa u nusu haukuwepo tena. Sehemu ile mahoteli na majumba yamejenga kuta mpaka pwani kabisa, na bamvua, yale maji makubwa yanayofuata mwezi, ikijaa, maji yanapiga ukutani. Mbele maji, nyuma maji, kushoto ukuta. Wimbi likitufika mapajani, tulipita tumeshikana mikono na mikoba tumeiweka kichwani. Simu moja ilizama. Bi mmoja mtu mzima, aliyekuja kwa sababu ananiamini mimi, alilia kwa sauti, na kile kilio sijakisahau. Mwishowe bawabu mmoja alituhurumia akatufungulia kijilango cha ngazi, tukatokea barabarani tumerowa kama samaki wa kapuni.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nikamkuta mvuvi anatengeneza wavu, nikamsimulia. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, jana ilikuwa mwezi wa ngapi?" Sikujua. Ilikuwa mwezi kumi na nne, yaani siku ya kumi na nne tangu mwezi uandame.

Basi akanikalisha akanifundisha. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Hapa Mombasa siku za bamvua maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kisha kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mimi niliwatoa watu wakati maji yameshaanza kupanda, siku ya mwezi kumi na nne, nikawatembeza kuelekea kilele chake. Mtoto wa pwani mzima! Babu zangu wangenionea haya.

Kilichouma zaidi kilikuja baadaye. Rafiki niliyekuwa naye katika mpango ule, tuliyegawana hata gharama ya kuchapisha vikaratasi, alichukua namba za wale watu akaanzisha kundi lake. Sikuambiwa. Niliona picha zao kwenye simu ya mtu mwingine, wako pwani ile ile, asubuhi, maji yamekupwa. Sasa ni miaka mitatu. Tunasalimiana harusini. Nimesamehe, lakini sitasema haikuniuma, na wewe andaa moyo wako kwa hilo, kwa sababu kazi hii ikianza kuingiza hata senti, wa kwanza kuitamani ni wa karibu.

Miezi saba sikumtembeza mtu. Nilitembea mwenyewe.

Nilianza na Jumba la Mtwana, pale Mtwapa, mahali ambapo matatu hupita kila dakika na abiria hawageuzi hata shingo. Nilikwenda mara nne. Ni mji wa karne ya 14, uliohamwa karne iliyofuata. Kuna misikiti, nyumba za mawe ya matumbawe, visima, na mibuyu iliyokaa katikati ya kuta kama wazee barazani. Mara ya kwanza nilizunguka nusu saa nikatoka, nikaona ni magofu tu. Mara ya tatu nilikaa kwenye ule msikiti ulio karibu na bahari, penye birika la kutawadhia, nikamsikia mzee mmoja akisoma maandishi ya kaburi lililo jirani: kila nafsi itaonja mauti. Aliisoma polepole, akarudia. Nikatambua kwamba hapa ndipo pa kuwakalisha watu, mwisho wa matembezi, kivulini, wasiambiwe neno kwa dakika tano. Kitabu hakikunipa hilo. Nililipata kwa kurudi.

Halafu hifadhi ya Shimba Hills, kule Kwale. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo nisikilize. Ukiona jina la maporomoko ya Sheldrick utadhani ni kushuka garini na kupiga picha. Si hivyo. Unaacha gari juu kilimani, unateremka kwa miguu kama kilomita mbili ukiongozana na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki, kwa sababu ni msitu wa ndovu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 20, baridi yake inakushika kifuani. Kila mtu huteremka akiimba. Kazi iko kwenye kurudi. Nilipopita mwenyewe mara ya kwanza nilikaa chini mara sita, na chupa yangu ya nusu lita iliisha kabla sijafika nusu ya mlima. Ndiyo maana Jumamosi kila mtu alibeba lita moja na nusu, na wale walionung'unikia uzito ndio walionishukuru. Kiingilio nililipa usiku kwa simu, maana getini hawataki pesa taslimu, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa ndani ya feri. Tulipokuwa tunatoka tuliwaona palahala, dume jeusi na majike yake, na nikawaambia watu wangu kuwa Kenya nzima mnyama huyu yuko hapa tu. Gari zima likanyamaza.

Kwa hiyo umeniuliza uanzie wapi. Anza kwa kupita mwenyewe. Si kwa gari, si kwa kusimuliwa: kwa miguu yako, na saa ile ile utakayowapeleka watu, kwa sababu njia ya asubuhi na njia ya alasiri ni njia mbili. Ukiona umeijua, pita tena. Angalia kivuli kiko wapi saa sita, choo kiko wapi, mtu mzima atakaa wapi. Uliza wenyeji kabla hujauliza simu. Na kama ni pwani, mwezi wa ngapi.

Tuache pia kusema hatuna pa kwenda. Mtu anatoka Ujerumani kwa ndege anakwenda kukaa Jumba akisoma mawe yetu, na sisi wa Kisauni kila sikukuu ni Pirates, tukae kwenye taulo, turudi. Watoto wetu wanajua majina ya miji ya Ulaya ambako timu zao zinacheza, na hawajui Kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, iko upande gani wa barabara. Hilo si kosa la serikali peke yake. Ni letu, na linaniumiza.

Ile njia ya Nyali mpaka Pirates sijaipita na watu tangu siku ile. Mwezi huu nitaipita. Siku mbili baada ya mwandamo tutaanza saa tatu asubuhi, maji yakiwa yanatoka, na saa tano tutakuwa tumefika. Nafasi ni 10. Yule Bi aliyelia nimempigia mara mbili hajapokea. Nimemwekea nafasi yake.