Kaunta ya Shangazi: Boksi limebadilika, mama hataki kumeza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaotumwa dawa. Nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa hapa Malindi mpaka nywele zikaingia mvi, na hao ndio wateja niliokuwa nikiwaonea huruma kuliko wagonjwa wenyewe.

Shangazi, shikamoo. Nyumbani kwetu Maweni mimi ndiye tarishi. Kila mwisho wa mwezi naenda mjini kwenye duka moja la dawa, yale yenye matawi kila mji, nachukua dawa za presha na sukari za mama. Majirani nao wakiniona natoka hunipa zao: huyu karatasi ya daktari, huyu pesa, huyu ananiambia "nichukulie zile nyeupe ndogo". Mwezi huu dawa ya presha imekuja na boksi la kijani badala ya lile jeupe. Mama amekataa katakata, anasema nimeuziwa feki. Isitoshe, nimenyimwa vidonge vya rangi mbili vya jirani mwenye kikohozi, ati mpaka cheti cha daktari, na duka dogo la mtaani wanatoa bila maneno. Nifanyeje? — Tarishi wa Mtaa

Marahaba mwanangu. Mama ana haki ya kushuku, dawa bandia zipo. Lakini boksi kubadilika rangi si ushahidi. Yaweke mabokisi mawili mezani mbele yake. Yaache yale maandishi makubwa, hilo ni jina la biashara tu. Tafuta yale madogo chini yake. La zamani likisema amlodipine 5 mg, na jipya likisema amlodipine 5 mg, basi dawa ni moja, viwanda ni viwili. Maduka haya hununua kwa wingi kwa yule mwenye mzigo wakati huo, na mwezi ujao huenda likaja la njano. Kosa la muuzaji ni kukukabidhi kimya kimya bila kukwambia neno.

Linalonitia hofu mimi si boksi la kijani, ni droo ya mama. Kina mama wetu hawatupi dawa. Siku atakayokubaliana na la kijani, lile jeupe bado litakuwa na vidonge vichache, na kwa kuwa machoni pake hizo ni dawa mbili, atameza huku na atameza kule. Hapo amekunywa dozi maradufu. Presha inashuka kupita kiasi, na akiinuka kwenye sijida anaona kizunguzungu, anaanguka. Kwa hiyo la zamani liishe kwanza. Lile jipya liandike kwa kalamu nene, PRESHA, BAADA YA LILE JEUPE, kisha ulifunge mpira na uliweke mbali.

Dawa ya sukari isome mara mbili. Metformin 500 ya kawaida si sawa na metformin 500 yenye herufi XR au SR mwishoni. Hiyo ya pili huachia dawa polepole, haivunjwi wala haisagwi. Ukiona herufi zimeongezeka au zimepungua, irudishe palepale kabla hujatoka mlangoni. Na kama kati ya hao majirani yuko mwenye kifafa au anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kiwanda kikibadilika daktari wake aambiwe kwanza, hata kama jina na miligramu ni zilezile.

Halafu hizo "nyeupe ndogo". Mwanangu, nusu ya duka ni nyeupe na ndogo! Anayekutuma, lipige picha boksi lake mbele na nyuma, na karatasi ya daktari pia, kabla tuktuk haijakuchukua. Ukifika, ulizia mfamasia au mteknolojia wa dawa. Sisi kila aliyevaa koti jeupe twamwita daktari, hata kijana wa kupanga dawa za meno. Leseni kutoka Bodi ya Famasia na Sumu hutundikwa ukutani, isome bila haya. Huyo mwenye leseni mtajie dawa zote anazomeza mama, pamoja na za mitishamba.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii. Maduka mengi ya aina hii hukuuliza nambari ya simu wakati wa kulipa, na wateja hudhani ni ya pointi tu. Pointi zitakununulia sabuni siku moja, inshallah. Faida kubwa ni kumbukumbu: penye kompyuta inayohifadhi ununuzi, anayekuhudumia anaweza kuona mama alipewa nini mara iliyopita. Basi dawa za mama zikae kwenye nambari ya mama, na majirani watumie zao. Wewe ukizipitisha zote kwenye simu yako, siku ya siku itaonekana una presha, kifafa na mimba kwa pamoja.

Nenda zikiwa zimebaki za wiki nzima, si siku kidonge cha mwisho kinapomezwa. Tawi likikosa, waombe waulize matawi mengine. Mombasa ni kilomita 120 hivi, na mzigo haupandi gari kwa sababu wewe umesimama kaunta.

Na rangi mbili? Aliyekunyima amefanya kazi yake. Antibayotiki ni dawa za cheti kisheria, na duka linalozitoa kama peremende linavunja sheria, halikufanyii hisani. Kikohozi kingi cha mafua hutokana na virusi, na virusi antibayotiki haiviui. Kama jirani amekohoa zaidi ya wiki mbili, mpeleke hospitali ya serikali apimwe kifua kikuu. Kipimo hicho na matibabu yake ni bure.

Mimi naishi Marafa, nachukua insulini ya baba Malindi. Jua la Kaskazi unalijua, na nyumbani hatuna friji. Dukani waliniuzia chupa tatu kwa bei ya kupunguziwa. Nimefanya vizuri? — Binti wa Baba

Bei nzuri kwa mwenye friji, binti yangu. Insulini ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, nyingi huvumilia wiki nne hivi mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30, kulingana na aina. Soma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Kwako wewe, nunua chupa moja moja, na hizo mbili za ziada mwombe mwenye duka au zahanati iliyo karibu akuwekee kwenye friji, jina la baba likiwa juu yake.

Chupa inayotumika itie ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, kopo ulitie kwenye mtungi wa udongo uliolowa, mtungi ukae kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kwenye ngozi ya mtungi, ndani panapoa, jambo ambalo bibi zako walilijua kabla ya umeme kufika. Njiani usiiweke mbele ya matatu penye kioo, wala isigusane na barafu. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Ile angavu ikiwa na ukungu, itupe. Ile ya mchanganyiko ni ya maziwa kwa asili yake, izungushe taratibu viganjani. Ikibaki na madonge au chembe zilizoganda kwenye kioo, usimchome baba.

Nilipimwa malaria nikauziwa boksi la vidonge 24. Siku ya pili nikapata nafuu, nimebakisha kumi na viwili. Dada yangu ana homa, nimpe? — Kisumu Ndogo

Usimpe. Hizo kama ni AL, yaani artemether na lumefantrine, mtu mzima humeza vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, ndiyo hivyo 24. Ukiacha katikati, wadudu waliobaki watarudi, na dada atakuwa amepata nusu dozi ya ugonjwa asiopimwa. Endelea na zako leo hii, vinne vinne mara mbili kwa siku mpaka ziishe, na uzimeze na kitu chenye mafuta, maziwa au wali wa nazi, dawa hii huingia mwilini vizuri namna hiyo. Dada akatobolewe kidole kwanza.

Shangazi, nataka kipimo cha mimba, lakini pale kaunta nyuma yangu kuna foleni na nusu yao ni watu wa mtaani kwetu. Naona haya. — Sitaji Nilipo

Kiandike kwenye simu, mwoneshe anayehudumia, asome kimya. Ukitaka kuuliza zaidi, mwambie, "Naomba tuzungumze pembeni," na akikataa muulize mwenye leseni. Angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti na kama mfuko haujatoboka. Pima hedhi ikishachelewa, na kama hujachelewa sana tumia mkojo wa asubuhi. Mfuko wa kubebea mwombe usioonyesha ndani. Wanayo ya karatasi chini ya kaunta.